Maji Yaliyotulizwa

Kila Jumatatu mpimaji wa maji alifika maabara kabla ya watu wa ofisini, akafungua dirisha, akavaa glavu, akachukua upawa uliotundikwa msumarini karibu na sinki. Ndoo ya sampuli ilikuwa tayari mezani. Maji yake yalikuwa yametekwa jana yake jioni kwenye bomba linalolisha mji, yakaachwa yatulie usiku kucha, na asubuhi juu yake palikuwa na utando wa kijani, mzito kama rangi iliyosahauliwa kwenye kopo wazi. Kazi ya upawa ilikuwa kuuengua utando ule. Mpimaji aliuengua taratibu, akaumwaga kwenye sinki, akafungulia maji uende zake. Ndipo alipochota tone la kupima.

Utaratibu huo uliitwa kutuliza sampuli. Ulianzishwa na mkuu wa maabara wa zamani, ambaye hakupenda lenzi zake zichafuke. Alisema maji ni kama mgeni aliyefika na hasira: mpe kiti kwanza, ndipo umhoji. Watu walicheka, wakafuata. Mzee akastaafu, akafa, hadubini mpya ikaletwa, lakini upawa ulibaki msumarini. Na kila Jumatatu ilitangazwa kwamba maji ya mji yako ndani ya viwango. Kwa maji ya ndoo ile, yakishaenguliwa, haukuwa uongo.

Ndani ya tone mlikuwa na wakazi wake wa siku zote. Wote kwa pamoja huitwa planktoni, yaani viumbe wa kupelekwa na maji. Si kwamba hawajui kuogelea. Wengine ni mafundi wa kuogelea. Ila mkondo ukiamua kwenda mahali, nao wanakwenda. Kuna wanaojipikia kwa jua kama mimea. Huko yumo mwani wa kijani, wa mviringo na wa nyuzi, na wamo diatomu, ambao kila mmoja anaishi ndani ya kisanduku cha kioo chenye mfuniko wake na nakshi zake. Yumo pia mwani wa buluu-kijani, ambaye kwa kweli si mwani bali ni bakteria, mkongwe kuliko wote, mwenye vifuko vya hewa tumboni vinavyompandisha juu ya maji. Baadhi ya aina zake zina sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini.

Halafu kuna wanyama, wanaoishi kwa kuwala hao wa kwanza au kulana wenyewe. Kuna wa seli moja, wanaoteleza tu. Kuna rotifera, wenye vinyweleo mdomoni vinavyozunguka, ambao maabara iliwaita mafeni. Kuna kopepodi, wenye jicho moja katikati ya paji la uso, walioitwa machongo. Na kuna viroboto maji, wanaoruka-ruka kwenye tone kama wenye shughuli, na mwili wao ni kioo kitupu. Ukiwatazama unaona moyo unavyopiga, unaona utumbo na chakula cha mchana ndani yake, unaona na watoto kwenye mfuko wa mgongoni wakingoja siku yao. Mpimaji aliwapenda hao kuliko wote. Alizoea kusema kwamba hawana siri.

Jumatatu moja, alipokuwa anasogeza kipande cha kioo chini ya lenzi, aliliona tone kupitia kidole gumba chake. Akadhani ni glavu, akaivua. Haikuwa glavu. Ndani ya kidole palikuwa na mfupa mwembamba na mishipa miwili iliyopanda sambamba, na nyuma ya mfupa palionekana meza. Alivaa glavu nyingine, akamaliza kazi, akaosha upawa.

Kufikia mwisho wa msimu ule, kila aliyekunywa maji ya bomba alikuwa kioo. Ilianzia vidoleni na masikioni, ikapanda mikononi, ikaishia kifuani na tumboni. Haikuuma. Mwalimu wa sayansi alimsimamisha mwanafunzi mchelewaji mbele ya darasa, akampa ndizi, akafundisha mmeng'enyo wa chakula mpaka kengele ikalia. Mwenye bucha, aliyewaambia watu miaka yote kwamba daktari amemkataza nyama, alionekana saa nne asubuhi na mnofu mkubwa unashuka. Wake walijua waume waliokula kwingine kabla hawajavua viatu. Aliyesema ana njaa alitazamwa tumbo kwanza.

Moyo ndio uliokosa adabu. Ulisema mambo ambayo mwenyewe hajayasema, mbele za watu, sokoni, kwenye foleni. Basi watu wakajifunza kutotazama, kama walivyojifunza zamani kutosikia ugomvi wa chumba cha pili. Baada ya muda hata utani ulichuja. Lililozoeleka halina mgeni.

Kilimani, kwenye nyumba za wakubwa, hakuna aliyebadilika. Huko walikunywa maji ya chupa ya kiwanda, wakapikia hayo, wakaoshea hayo meno. Hata mbwa wa kilimani walibaki na giza tumboni mwao kama mbwa wa kawaida.

Kiwanda hicho cha maji na soda kilikuwa ng'ambo ya bwawa linaloupa mji maji, na kilikuwa na bomba lake, refu, lililoshuka mpaka chini kabisa ambako mwani wa kuelea haufiki. Kilivuta maji safi ya chini, kikayatia kwenye chupa zenye picha ya mlima wa theluji ambao hakuna mtu mjini aliyewahi kuuona. Maji machafu ya kuoshea matangi, yenye sukari za soda na mabaki mengine, yalirudishwa bwawani juu kwa mfereji. Mwani ulikula, ukanenepa. Upepo ukaukusanya, ukausukuma mpaka kwenye kona lilipo bomba la mji. Hakuna fumbo hapa. Mtoto wa darasa la tano angeweza kuchora mchoro wake kwa kalamu za rangi, na wapo waliouchora, wakapewa alama, mchoro ukabandikwa ukutani.

Mpimaji alikuwa na mdogo wake, msusi. Walikaa nyumba moja, mpimaji chumba cha mbele, msusi na mumewe cha nyuma. Msusi alisukia watu barazani, kwa stuli mbili, kioo cha ukutani na beseni la kuoshea nywele. Alikuwa na mimba ya kwanza, iliyokuja baada ya kuchelewa mpaka mawifi wakaanza kumwita mgeni wetu. Mimba ilipokua, mtoto akaonekana.

Baraza ikajaa. Walikuja wenye nywele za kusuka na wasio nazo. Mtoto alinyonya kidole, akanyoosha mguu, akapiga miayo. Wateja walibishana kuhusu paji la uso, kama ni la baba au la marehemu bibi. Umbea ukizidi urefu, mtoto aliwageuzia mgongo, nao wakacheka wakasema huyu atakuwa na akili kuliko ukoo mzima. Jioni baba yake, mpakiaji pale kiwandani, alirudi, akachuchumaa mbele ya mkewe na kumweleza mtoto habari za malori. Ilikuwa furaha, na isemwe hivyo hivyo: nyumba ile ilikuwa na furaha, na ilikuwa furaha yao halali.

Mkunga wa zahanati ndiye aliyeona kwanza. Alimwita mpimaji kando ya kitanda.

"Unaona hapa?" alisema, akionyesha upande wa kulia chini ya mbavu za msusi. "Juzi juzi hili ini lilikuwa na rangi ya ini. Sasa lina rangi ya bwawa."

"Naliona."

"Nimeona wengine. Wazee, vichanga, mafundi wanaokunywa maji mengi juani. Lakini huyu ni wawili ndani ya mmoja. Na ile rangi imeshagusa kitovu cha mtoto. Wewe ndiye mpima maji. Kuna nini?"

"Yako ndani ya viwango," mpimaji alisema, kwa sababu ndilo jibu lililozoea mdomo wake.

Moyo wake ulipiga kwa nguvu. Mkunga aliutazama, akatazama pembeni, akaendelea kumfunga msusi mkanda wa kupimia shinikizo la damu.

Jioni ile mpimaji alimkuta mdogo wake jikoni na sufuria kubwa inatokota. Manispaa ilikuwa imebandika mabango kila nguzo: Chemsheni Maji. Watu walichemsha. Walichemsha kwa bidii, wakachemsha mara mbili, kuni na mkaa vikaadimika. Mpimaji alisimama mlangoni akakumbuka jambo ambalo alilisoma chuoni na kulifaulu kwenye mtihani. Mwani huu ukichemshwa unapasuka, na sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika kwenye maji. Moto unamuua nyoka. Sumu unaiacha sufuriani.

"Nani kakwambia uchemshe muda mrefu hivi?"

"Si wewe, dada," msusi alisema. "Ulisema nichemshe vizuri kwa ajili ya mtoto."

Mpimaji alizima jiko, akamwaga maji yote uani. Mdogo wake alimtazama kifuani, hakuuliza la pili.

Kuanzia siku hiyo mpakiaji alileta maji ya chupa, ambayo aliyapakia mwenyewe kwenye lori asubuhi na kuyanunua mwenyewe dukani jioni. Bei ilikuwa imepanda, maana kiu ilikuwa imepanda. Msusi alikunywa ya chupa, lakini ini si ubao wa darasani ukasema utaufuta. Tena mikono yake ilishinda kwenye beseni la maji ya bomba, kwa sababu nywele za watu haziwezi kuoshwa kwa chupa na tumbo haliwezi kungoja upepo ugeuke.

Jumatatu iliyofuata mpimaji hakuugusa upawa. Alikoroga ndoo, akachota tone, akabeba hadubini mpaka ofisini kwa meneja wa maji.

Meneja alikuwa mtu wa taratibu. Hakupiga kelele, alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wake, alihudhuria misiba. Mezani kwake palikuwa na chupa ya maji na kitambaa safi chini yake. Ulipomtazama ulimwona yeye na shati lake, basi.

"Tazama, bosi," mpimaji alisema.

Meneja aliinama, akafumba jicho moja. "Kijani tupu."

"Ndiyo wanayokunywa watu. Sisi miaka yote tunapima tuliyokwisha kuyaengua."

"Hii imetulizwa?"

"Haikutulizwa."

"Basi si sampuli," meneja alisema, kwa upole wa mtu anayemsaidia mwenzake. "Utaratibu ni kutuliza. Ukiacha kutuliza unapima kitu kingine."

"Na wanaokunywa, wao wanatuliza?"

"Hilo ni suala la elimu kwa umma."

Mpimaji alimweleza habari ya valvu. Ilikuwapo, kwenye chumba cha pampu, mahali bomba la kiwanda linapopita karibu na bomba la mji. Waliojenga mtambo waliiweka kwa ajili ya dharura. Ikifunguliwa, mji unapata maji ya chini. Hakuomba ifunguliwe milele.

"Mpaka mdogo wangu ajifungue tu," alisema. "Nakuomba."

Alichukia sana kuomba. Alichukia sauti yake mwenyewe ilivyolegea.

"Bomba lile ni la kiwanda kwa mkataba," meneja alisema. "Nikiligusa watasimamisha uzalishaji. Shemeji yako si yuko pale?"

"Yuko."

"Basi unaona mwenyewe. Mimi nawafikiria na nyinyi." Alimtazama kifuani. "Punguza jazba, dada yangu. Moyo unavyokwenda, unanitia wasiwasi."

Kesho yake mpimaji alirudi na msusi. Alimsimamisha mbele ya dirisha, mahali penye mwanga, akamfungua khanga tumboni. Mtoto alikuwa macho. Ile rangi ilikuwa imepita kitovuni na kuingia, na ini lake dogo, lisilozidi jani la mchicha, lilikuwa limeanza kuwa kijani kwenye ukingo. Mtoto aliinua mkono, kama wanavyoinua, bila sababu.

Meneja alitazama kwa muda wa kutosha. Hili ni muhimu lijulikane. Hakugeuza uso, hakujifanya yuko kwenye simu. Aliona alichoonyeshwa, chote, kwa mwanga mzuri wa asubuhi.

"Mtoto mzuri," alisema. "Mungu ni mwema."

Alifungua friji ndogo nyuma ya kiti chake, akatoa chupa, akaipangusa umande kwa kitambaa na kumpa msusi kwa mikono miwili. Kisha akamwomba karani avute pazia, kwa sababu alikuwa na mgeni mwingine.

Msusi alirudi nyumbani ameishika chupa ile bila kuifungua. Walipofika kwenye duka la mkaa akasimama.

"Dada, yule mtu kaniona?"

"Kakuona."

"Nilidhani labda macho yake hayaoni mbali."

"Anaona vizuri sana," mpimaji alisema.

Mchana wa siku iliyofuata, wakati mafundi wa pampu wamekwenda kula, mpimaji aliingia chumba cha pampu na shemeji yake. Valvu ilikuwa imekaa bila kuguswa tangu ilipofungwa, na gurudumu lake lilikuwa na kutu. Mpakiaji aliing'ang'ania kwa mikono yake ya kubebea katoni mpaka ikalia, ikazunguka. Alasiri yote ile mabomba ya mji yalitoa maji baridi yasiyo na harufu. Watu hawakupiga vigelegele. Walijaza ndoo, madumu, masufuria, mabeseni na mabafu ya watoto, kwa haraka na kwa kimya, kwa sababu hawakuwa wageni wa mambo haya na walijua yatakatika.

Yalikatika kabla ya jua kuzama. Meneja alimtuma fundi wa kuchomelea, mkazi wa mtaa wa pili, akaifunga valvu na kuichomelea isizunguke tena. Fundi alikuwa kioo kama wenzake. Kila cheche ilipowaka, ini lake lilionekana nyuma ya mkono wake, kijani mpaka katikati, na yeye mwenyewe aliliona kwenye miwani yake ya kazi. Alichomelea vizuri. Alikuwa fundi anayesifika kwa kazi safi.

Mpimaji hakufukuzwa, maana hakukuwa na mwingine wa kukaa na hadubini. Alipewa onyo na kukatazwa kukaribia pampu. Mpakiaji alifukuzwa siku hiyo hiyo, na kwenye geti walimkumbusha arudishe glavu.

Wiki hiyo wageni wa serikali kutoka juu walitembelea mji. Inasemekana mama mmoja katika msafara ule hakuweza kula chakula chake baada ya kupita sokoni. Manispaa ikachukua hatua. Ikagawa makoti. Yalikuwa makoti mazito ya kijivu, ya kufunga mpaka shingoni, na yalikuja na mabango mapya juu ya yale ya kuchemsha maji: Tujisitiri. Ofisi za umma zikakataa kumhudumia mtu asiye na koti. Joto lilikuwa la kutoa mtu roho, lakini makoti yalivaliwa, na kwa kweli mji ukaonekana mzima. Mkunga alikataa kuvaa lake, na alipoulizwa alisema hajui kumhudumia mtu aliyefunikwa.

Msusi naye hakuvaa. Alisema mtoto wake hajafanya kosa la kufungiwa gizani.

Ilitokea mchana, watu wapo. Msusi alikuwa amemshika kichwa mteja, mke wa mwenye bucha, anamsuka kuelekea kisogoni. Wanawake wengine watatu walikuwa wanangoja zamu. Mtoto alikuwa amelala siku nzima, na rangi ilikuwa imemfika hadi vidoleni. Aligeuka mara moja, polepole, kama anayetafuta upande mzuri wa mto. Kisha moyo wake, ambao wote waliuzoea kama wanavyoizoea saa ya ukutani, ukasimama.

Mke wa mwenye bucha aliuona kwenye kioo. Wale watatu waliuona moja kwa moja. Msusi alitazama chini, akaona, na vidole vyake vikaendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari, kwa sababu vidole vilikuwa bado havijaambiwa. Akaufunga mstari kwa uzi.

"Mwiteni dada," alisema.

Mkunga alimzalisha jioni. Alikuwa mtoto wa kiume mwenye paji la bibi yake. Ubishi ule ulikwisha. Walimzika asubuhi, na baada ya maziko watu walikaa uani kwa msusi, kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima. Joto lilizidi, makoti yakavuliwa moja moja na kuwekwa mapajani, mpaka uani kote watu wakakaa kama walivyo, maini yao ya kijani yakiwa wazi juani na mioyo yao ikipiga.

Ilipiga kwa hasira, na kila mtu aliona ya mwenzake. Hili halikuwahi kutokea mjini. Mtu huweza kuficha yake akidhani yuko peke yake. Pale hakuna aliyekuwa peke yake. Mioyo ya wazee, ya wasichana, ya mafundi, ya mwenye bucha, yote ilikuwa inagonga mbavu kama watu walio nyuma ya mlango mmoja. Na bado hakuna aliyeinuka. Walipelekwa na msiba kama walivyopelekwa na kila kitu, wakakaa.

Meneja alifika saa kumi. Gari la kiwanda lilimfuata na katoni za maji, zikapangwa ukutani. Alivua viatu penye mikeka, akapewa kiti, akaketi mbele ya wafiwa. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Kazi ya Mungu haina makosa," alisema.

Watu waliitikia, kwa mazoea.

Alisema kwamba idara ya maji iko pamoja na familia. Alisema kwamba kiwanda nacho kimeguswa. Alipoinua macho aliona mioyo ile yote, uani kote, na ikawa dhahiri kwamba ameiona, maana alisita kidogo kwenye neno ustahimilivu. Kisha akaendelea. Mpimaji alikuwa amekaa nyuma yake kidogo, na wakati ule alimchukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu, na akajichukia na yeye mwenyewe, na akaiacha chuki ionekane.

Msusi aliinuka kutoka kwenye godoro. Walitaka kumshika, akaiondoa mikono yao. Alivuta stuli yake ya kazi mpaka katikati ya ua, kati ya jua na meneja, akaketi. Hakuwa na koti. Tumbo lake lilikuwa bado la mviringo, halijanywea, safi kama mtungi wa kioo uliojaa maji, na hakukuwa na kitu ndani yake. Jua la alasiri lilimpitia, likajikusanya, likatua kwenye kifua cha meneja, doa dogo jeupe la ukubwa wa kifungo.

Meneja alilipangusa kwa mkono, kama unavyopangusa chembe. Akaendelea kusema. Akasogeza kiti kidogo. Msusi naye akasogeza stuli.

"Pole sana, mwanangu," meneja alimwambia.

"Asante," msusi alisema. "Endelea tu, tunakusikiliza."

Alimsikiliza bila kutikisika. Kila mtu uani aliona moyo wake, na kati ya yote pale ndio pekee uliokuwa unapiga polepole. Doa lilikaa. Shati likaanza kuwa hudhurungi mahali pale, ukapanda moshi mwembamba, ikanukia pamba inayoungua. Meneja alifika kwenye sehemu ya kuwashukuru waombolezaji kwa utulivu wao. Halafu akashtuka, akajipigapiga kifuani, akasimama. Kwenye shati palikuwa na tundu lenye ukingo mweusi, na chini yake ngozi yake ilikuwa imevimba kama ya mtu yeyote aliyeungua.

Aliomba radhi kwamba ana kikao. Alivaa viatu, akampa mpakiaji mkono, akaondoka. Katoni zilibaki ukutani, na watu walikunywa, kwa sababu kiu haisubiri mtu amalize hasira zake.

Pampu ziliendelea kuvuta kwenye kona ile ile. Jumatatu karani mwingine aliwekwa maabara asubuhi kuhakikisha sampuli inatulizwa, na ikatulizwa, na maji yakawa ndani ya viwango. Mwezi haukuisha fundi wa kuchomelea akafa. Msusi alifika msibani mapema, na mke wa mwenye bucha, na wale watatu wa barazani, na wanawake wengine ambao hakuna aliyewaita. Walivua makoti yao, wakayakunja vizuri, wakaketi upande wa jua.

Meneja aliteremka garini na katoni za maji na mwavuli mweusi, akaufungua kabla hajatoa pole.